Vifurushi vya Kwenda Jibondo

Dar es Salaam
11 Januari 2024

Kaka Shaabani,

Assalam alaykum. Natumaini umefika salama, na kwamba pale gatini Kilindoni hukunyanyua kitu, hata kama mtu alikuomba umshikie upande mmoja tu wa gunia. Wiki tano nimekuuguza, tabia yako naijua.

Ulisema jambo hili huwezi kulizungumza kwenye simu kwa sababu kuta za nyumba yenu hazifiki paani na majirani wana masikio. Basi tuandikiane. Kila mwezi nitakufungia mifuko, ile ya msaada tunayoletewa wodini, nimpe mtu wa boti ya Nyamisati. Atamfikishia mdogo wangu Ahmed dukani kwake Kilindoni, na Ahmed atatafuta chombo cha Jibondo. Barua itakuwa ndani, chini ya mifuko.

Nakukumbusha tena, ingawa utasema umeshika yote. Utumbo wako ulijisokota, kipande kikafa. Daktari alikikata, akautoa nje mdomo wa utumbo uliobaki, hapo tumboni upande wa kushoto. Choo sasa kinapita hapo. Hiyo ni njia tu, si kidonda wala si aibu. Mfuko ukifika theluthi umwage, usingoje ujae, maana uzito utaubandua. Ubadilishe kila siku ya tatu au ya nne. Osha kwa maji matupu na kitambaa laini, kisha kausha kwa kugusagusa. Maharage na kabichi viache kwanza. Pweza kula, lakini tafuna mpaka taya zichoke.

Nilitaka mkeo Bi Umi aje wodini nimfundishe kwa mikono, ukasema asisumbuke na safari. Sasa mfundishe wewe. Mtu mmoja hawezi kujiona tumbo lake vizuri.

Tarehe yako ya kuonwa na daktari ni 10 Juni. Siku hiyo atatazama kama utumbo unaweza kuunganishwa tena.

Wako,
Saleha, muuguzi


Jibondo
29 Januari 2024

Sista Saleha,

Wa alaykum salaam. Kifurushi kimefika na kamba yake haijaguswa. Ahmed ni mtu mwaminifu.

Mimi sijambo kabisa. Nyumbani nimepokewa vizuri. Umi nimemfundisha kama ulivyosema, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Watu wanakuja kunitazama asubuhi na jioni mpaka nachoka. Maji ya kuoshea si tatizo. Unakijua kisiwa chetu, yakipungua yanaletwa kwa madumu, lakini mke wangu ananitengea dumu langu. Kazini naenda kidogo. Nakaa kivulini, nawaelekeza wenzangu namna ya kushindilia pamba kwenye mianya ya mbao za mashua. Nyundo sijaishika, usiogope.

Kuna swali moja, nalo si langu. Yupo mtu upande wa Juani, kisiwa cha jirani, amepasuliwa kama mimi, nimesikia habari zake. Ngozi yake kuzunguka pale imekuwa nyekundu, inatoa majimaji, inawaka kama imepakwa pilipili. Amejaribu majivu na mafuta ya nazi. Afanye nini? Nitampelekea majibu.

Mifuko ishirini ni mingi. Tuma kumi tu.

Shaabani bin Haruni


Dar es Salaam
19 Februari 2024

Kaka Shaabani,

Assalam alaykum. Mwambie huyo mtu wa Juani aache majivu leo hii. Mafuta nayo aache, maana gundi ya mfuko haishiki penye mafuta, choo kinapenya chini yake na hicho ndicho kinachomchoma. Apime tundu lake kwa karatasi, akate mfuko ulingane nalo, pasibaki ngozi tupu pembeni. Mwezi wa kwanza na wa pili tundu hunywea, kwa hiyo kipimo cha hospitali hakifai tena, apime upya. Ngozi ikikauka vizuri kabla ya kubandika, siku chache tu atapata nafuu.

Mwambie pia mfuko ukishabanduka hauoshwi ukabandikwa tena. Na maji ya kujiosha lita moja yanatosha, si lazima aende kujificha ufukweni kwenye maji ya chumvi.

Kuhusu sala, yule sheikh aliyekuja wodini alieleza nawe ukiwepo: mwenye udhuru hutawadha wakati wa sala unapoingia, akasali. Mwambie na hilo, kama ameacha kusali na wenzake.

Nimeongeza mifuko kumi kwa ajili yake. Iko pamoja na yako, wewe utajua kuigawa.

Na tafadhali, Bi Umi aniandikie hata mistari mitatu. Ningependa kusikia kutoka kwake.

Saleha


Jibondo
6 Machi 2024

Kwa Sista Saleha,

Salaam nyingi. Mimi ni Umi, mke wa Shaabani. Amenipa barua yako nikasoma, nikaona nikujibu.

Mume wangu ninamwosha mwenyewe kila siku ya tatu. Nimepima kwa karatasi. Mara ya kwanza nilidhani nitaogopa lakini sikuogopa. Harufu haipo, na ikiwapo si kitu. Analala ubavu wa kulia nami nipo upande wake, na usingizi anaupata. Chakula tunakula pamoja.

Wakati mwingine ananiuliza, "Umi, kweli huoni kinyaa?" Namjibu, "Nione kinyaa kwako wewe?"

Usiwe na wasiwasi na nyumba hii. Wewe una wagonjwa wengi wa kuwafikiria.

Umi


Dar es Salaam
22 Machi 2024

Dada Umi,

Assalam alaykum, na Ramadhani karim. Nimeipokea barua iliyoandikwa kwa jina lako. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Endelea kumwosha hivyo hivyo na kulala upande wake. Mwaka huu asifunge, na asione haya kula mchana. Daktari ndiye aliyemkataza. Ana bahati kuwa na mtu wa kumwambia maneno kama yale.

Bahasha hii nimemwomba Ahmed aitoe peke yake, ikufikie wewe mkononi.

Saleha


Jibondo
15 Aprili 2024

Kwa Saleha,

Mimi ndiye Umi binti Hemedi, mke wa Shaabani. Barua unayosema umeipokea kwa jina langu sikuiandika. Sijawahi kukuandikia. Sikujui.

Nahodha wa mashua alinipa bahasha mbele ya wanawake wenzangu tukiwa tunatengeneza pweza. Nikaifungua palepale, maana sikuwa na cha kuficha. Nikasoma kwamba ninamwosha mume wangu na ninalala upande wake. Mume wangu, tangu arudi kutoka kwenu, hajaingia chumbani kwangu. Alisema ana kidonda cha upasuaji na daktari ametaka alale peke yake. Nikamwandalia godoro ukumbini, akalikataa, akahamia bandani anakoweka zana zake. Mlango anaufunga kwa kamba kutoka ndani. Chakula nakiweka kizingitini kama namlisha mfungwa. Amevaa koti miezi mitatu, katika joto hili. Kazini haendi. Msikitini haendi, mpaka watu wanadhani amegombana na imamu. Nikiuliza, anajibu, "Umi, niache."

Vifurushi vinakuja kila mwezi kutoka Dar, anavipokea mwenyewe pwani na kuvifungia kwenye sanduku. Sasa nimejua vinatoka kwa mwanamke.

Siku ya Idi alikula peke yake bandani. Nami nilikula peke yangu ndani. Mimi si mtoto. Kama umeolewa naye, niambie. Kama anataka kuniacha, aje aniambie kwa kinywa chake. Lakini msiandikiane kwa jina langu.

Umi binti Hemedi


Dar es Salaam
27 Aprili 2024

Dada Umi,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Nilimuuguza mumeo Desemba hadi alipotoka. Sikuolewa naye na hakuna lolote kati yetu zaidi ya hilo. Ndani ya vifurushi mna vifaa vya hospitali. Naapa kwa Mwenyezi Mungu.

Kwa nini amejitenga, siwezi kukuambia. Mwili wa mgonjwa ni siri yake, na mimi nimekula kiapo. Naweza kukuambia hili tu: hajajitenga kwa sababu amekuchoka. Nenda kamuulize tena, na akisema umwache, usimwache.

Saleha


Dar es Salaam
27 Aprili 2024

Kaka Shaabani,

Umi ameniandikia. Umi mwenyewe.

Niwe mkweli kwako. Barua ya mwezi wa tatu niliijua tangu mstari wa kwanza. Uliandika kwa ile penseli bapa ya fundi, kama barua zako zote. Na mtu wa Juani nilijua hayupo. Nilipaswa kusema mapema. Badala yake nikamwandikia Umi nikijua bahasha itamfikia yeye. Nilichagua maneno, sikutaja ugonjwa, nikadhani atakuuliza nawe utafungua kinywa. Nilifanya ujanja kwa mgonjwa wangu, na mkeo ameumia kwa sababu yangu. Nisamehe.

Kuna na lingine. Nilinyamaza pia kwa sababu barua zako ndizo pekee zilizokuwa zinakuja kwa jina langu. Sikutaka zikome.

Yale maneno uliyoandika kwa jina la Umi ndiyo unayotaka kuyasikia. Mpe nafasi ayaseme yeye. Tarehe 10 Juni njooni wote wawili.

Saleha


Jibondo
19 Mei 2024

Sista,

Unamkumbuka mgonjwa wa kitanda cha tisa, yule mkulima aliyekuwa na mfuko kama wangu? Mke wake alikuja siku ya Ijumaa na kanga mpya. Wewe ulifunua shuka umwonyeshe. Yule mama aliziba pua kwa ncha ya kanga, akasema anatoka kununua maji. Mumewe alimngoja mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha. Ijumaa iliyofuata akamngoja tena. Mimi nilikuwa kitanda cha kumi na moja, niliyaona yote. Alipotoka hospitali alikuja kuchukuliwa na jirani.

Mimi na Umi tumeishi miaka ishirini na sita. Bora anidhanie nina mwanamke kuliko aniangalie vile.

Usitume tena kifurushi. Nitajitafutia njia. Na usiniandikie, wala usimwandikie yeye.

Shaabani


Dar es Salaam
13 Juni 2024

Kaka Shaabani,

Umenikataza kuandika, nami nimeandika. Jumatatu nilikaa kliniki tangu saa mbili mpaka daktari alipovua koti lake. Jina lako liliitwa mara tatu.

Kwa hesabu yangu mifuko ilikwisha wiki mbili zilizopita. Vifurushi viwili viko dukani kwa Ahmed. Sitavirudisha. Ukiona homa, au tumbo limekuwa gumu, au tundu limebadilika rangi kuwa jeusi, nenda Kilindoni siku hiyo hiyo.

Saleha


Kilindoni
2 Julai 2024

Sista Saleha,

Assalam alaykum. Ni mimi Umi. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume, mume wangu yuko ndani na dripu, leo siku ya sita. Wanasema homa imeshuka. Nataka ujue ilivyokuwa.

Tulipata bamvua kubwa, maji yakatoka mbali, wanawake wote tukashuka mwambani kutafuta pweza. Mimi nilirudi kabla ya wenzangu kwa sababu chakula cha jana yake nilikikuta kizingitini hakijaguswa. Nikamwita, hakuitika. Nilikuwa na kisu changu cha pweza, nikaikata ile kamba ya mlango.

Alikuwa amelala chini, mwili unawaka. Koti liko wazi. Tumboni alikuwa amejifunga mfuko wa nailoni, ule unaokuja na misumari, kwa kipande cha shuka. Chini yake nyama imechubuka mpaka ubavuni.

Akasema, "Toka, Umi."

Nikasema, "Sitoki."

"Usitazame."

"Nimeshatazama."

Akageukia ukutani, akalia. Sikumwona analia hata siku tulipomzika binti yetu.

Sista, nitakwambia ukweli maana nimechoka na uongo. Nilipoufungua ule mfuko nilishindwa. Nilitoka nje nikatapika. Niliporudi alikuwa amefumba macho. Akaniambia, "Nilijua." Nikamwambia, "Umejua nini? Nimetapika, na nimerudi. Geuka nikuoshe." Nikachukua dumu langu la kunywa, nikamwosha mpaka maji yakaisha, nikamwita Muhidini jirani yetu, tukampakia kwenye boti.

Nilimuuliza aliandika nini kwa jina langu. Alinieleza neno kwa neno, anayakumbuka yote. Yule mwanamke wa kwenye barua ni mwema kuliko mimi, hakutapika. Lakini nimekasirika pia. Miezi sita alikuwa na mke wa karatasi bandani, na mimi wa kweli nikawekewa mlango.

Ahmed ametuletea vifurushi vyako. Wauguzi wa hapa wamenionyesha, lakini bado nakata tundu kubwa. Daktari anasema akipata nguvu tuje kwenu. Tutakuja wawili.

Umi


Jibondo
8 Septemba 2024

Sista Saleha,

Assalam alaykum. Tumefika salama kutoka kwenu tangu wiki iliyopita. Sikuweza kukuaga vizuri, mlikuwa na mgonjwa aliyekuwa anatoka damu.

Shaabani amelipokea neno la daktari kwa shida. Alikuwa amejipa moyo kwamba utumbo utaunganishwa, kisha akaambiwa kipande cha chini kimekuwa kovu tupu na kuunganisha ni kumhatarisha. Ndani ya boti nilimuuliza anafikiri nini. Akasema, "Nafikiri basi ndivyo nitakavyozikwa." Nikamwambia kila mtu atazikwa na kitu.

Sasa analala ndani. Si kama zamani. Analala amenipa mgongo, na mimi nikigusa karibu na mfuko anasogea. Msikitini amekwenda mara moja, akasimama safu ya nyuma karibu na mlango. Kazini hajarudi, asubuhi anasikia nyundo za wenzake na anakaa barazani. Lakini jana alisema mbao za mashua wanayomtengenezea Hafidhi zimeungwa vibaya, anasikia kwa sauti. Nikamwambia aende akawaambie. Bado hajaenda.

Kubandika najua sasa. Ulivyonishika mkono ukanionyesha kwa kidole ndivyo nilivyoelewa. Ngozi imepona, umebaki weusi tu. Kwa mwezi huu tunahitaji mifuko kumi na mbili, na ile poda ya ngozi. Kuanzia sasa niandikie mimi. Nilimuuliza Shaabani kama ana la kukuandikia, akasema hana. Anakusalimu. Nadhani anakuonea haya kwa kuwa unayajua yote. Usimfikirie vibaya.

Kuna jambo nataka kukuuliza, na kama si adabu utanisamehe. Mchana ule wa pili nilikwenda nyuma ya wodi kutafuta maji ya kutawadha, nikakuona umekaa kwenye ngazi na kibakuli, umegeukia ukuta. Wenzako walikuwa ndani wanakula pamoja na kucheka. Nilitaka kukuita, nikaona nisikuite. Mimi nimekula hivyo miezi sita, nimeujua mgongo wako.

Sista, nyumbani kwako unakula na nani?

Umi


Dar es Salaam
1 Oktoba 2024

Dada Umi,

Wa alaykum salaam. Mifuko ni kumi na tano, poda makopo mawili. Poda inyunyize kidogo sana, kisha uipanguse, ikizidi gundi haitashika. Mkao wake barazani mwangalie asikae ameinama muda mrefu. Nyundo ndogo anaweza kushika, mbao asinyanyue. Msalimu. Mwambie simfikirii vibaya. Mgonjwa akipata mtu wa nyumbani wa kumuuguza, muuguzi hana tena la kuandikiwa, na hiyo ndiyo kazi yetu inavyotakiwa kuisha.

Hapo ndipo nilitaka kufunga barua. Nimeiacha mezani siku kumi.

Nakula peke yangu. Mume wangu tuliachana mwaka 2011, watoto hatukujaliwa. Hapa wodini nimewaambia ninaishi na dada yangu. Sina dada. Nilisema siku moja ili wasiniulize, kisha nikawa namtengenezea huyo dada habari: anaumwa mguu, amekwenda Tanga, amerudi. Nawaambia hata wagonjwa. Ndiyo maana barua ya Shaabani niliijua upesi.

Kilindoni sijafika tangu tulipomzika mama, miaka saba. Ahmed ananiita kila Idi, nasema nina zamu, na ni kweli ninayo, kwa sababu nimeiomba. Nilikuwa naogopa watu watanitazama na kuuliza yuko wapi mume, wako wapi watoto. Hujaniuliza hivyo. Umeuliza nakula na nani.

Sijui niandike nini tena. Likizo yangu inaanza Desemba, na kila mwaka nawapa wenzangu siku zangu. Jana msimamizi alipita na karatasi akiuliza kama nitawashikia zamu na mwaka huu. Nilimwambia anipe mpaka Ijumaa.

Saleha